Podikasti na mlisho wake

Februari 2004, Ben Hammersley aliandika katika gazeti la The Guardian la Uingereza kuhusu watu walioanza kurekodi vipindi vyao wenyewe na kuvitia kwenye intaneti. Jambo lilikuwa jipya na halikuwa na jina, naye akapendekeza majina matatu kwa mpigo. Moja lilichanganya iPod, kile kifaa cha muziki cha Apple, na neno la Kiingereza la kutangaza redioni. Hilo ndilo lililoshika. Mwaka 2005 wahariri wa New Oxford American Dictionary walilitangaza kuwa neno la mwaka. Mei 2022 Apple ikatangaza kwamba inaachana na iPod, lakini jina likabaki.

Kiswahili kimelipokea kama podikasti, ingawa wengine huandika podkasti na vijana wa mjini huliacha kama lilivyo kwa Kiingereza. Mimi nashika podikasti: silabi zake zinatamkika bila shida, na imeingia ngeli ya i-/zi- bila ubishi. Wapo wanaodai tubuni neno letu wenyewe, nami sioni haja. Neno kishikwambi, yaani tableti, limeenea Tanzania kwa sababu makarani wa sensa ya 2022 walikibeba kifaa hicho nyumba kwa nyumba. Neno lisilopata msukumo wa namna hiyo huishia kamusini. Kazi kubwa zaidi ni kueleza kitu chenyewe, maana siku hizi kila mazungumzo ya watu wawili mbele ya maikrofoni nene huitwa podikasti.

Sauti huwa podikasti kwa sababu ya mlisho. Mlisho ni faili la maandishi linalokaa kwenye seva ya mtayarishaji. Ukilifungua utakuta jina la kipindi, kisha orodha ya matoleo, kwa kawaida jipya likiwa juu. Kila toleo lina kichwa chake, tarehe, maelezo mafupi, anwani ya faili la sauti, na ukubwa wa faili hilo. (Nasema toleo kwa sababu kipindi kwetu ni mfululizo mzima na pia ni matangazo ya siku moja, na hapa tofauti hiyo inahitajika.) Utaratibu wa kuambatisha anwani ya sauti kwenye mlisho ulitoka kwa Mmarekani Dave Winer mwishoni mwa 2000. Programu iliyo simuni mwako huuchungulia mlisho kila baada ya muda, na ikiona toleo jipya hukuarifu au hulipakua. Hivyo hata neno “kujiunga” linapotosha kidogo: mara nyingi hujaandikishwa kokote wala hudaiwi senti. “Kufuatilia” lingefaa zaidi.

Ukishaelewa mlisho, kutafuta vipindi vizuri vya redio ya umma kunakuwa rahisi, kwa sababu unajua kuuliza swali moja: mlisho huu ni wa nani? Redio ya umma nayo yahitaji ufafanuzi, kwa kuwa masikioni mwetu inakaribiana mno na redio ya taifa. Uingereza, matangazo ya BBC ya nchini humo hulipiwa kwa ada ya leseni ya televisheni. Marekani ni mamia ya vituo, vingi vikiwa chini ya vyuo vikuu, vinavyoishi kwa michango ya wasikilizaji na wafadhili. Fedha za serikali kuu zilizokuwa zikivifikia kupitia shirika lililoundwa kwa sheria ya 1967 zilifutwa na Bunge la nchi hiyo Julai 2025.

Mgeni huanza kwa kutafuta NPR, mtandao wa taifa wa redio ya umma wa Marekani, akidhani kila kilicho kizuri kiko huko. This American Life ya Ira Glass haimo: ilianzia kituo cha WBEZ cha Chicago mwaka 1995. Radiolab ni ya WNYC, New York. Fresh Air ya Terry Gross husambazwa na NPR, ila mpishi wake ni WHYY ya Philadelphia. Kwa hiyo ukipenda kipindi kimoja, sikiliza mwisho wake hadi majina ya watayarishaji na kituo yatajwe, kisha tafuta kituo hicho kimetoa nini kingine. Mimi naiamini njia hii kuliko orodha za vinavyovuma, ambazo huwapandisha walio maarufu tayari.

Tena podikasti haiwi nakala ya redio kila mara. Chukua In Our Time ya Redio 4 ya BBC, aliyoiongoza Melvyn Bragg tangu 1998 hadi alipoiacha mwaka 2025. Kipindi ni wasomi watatu na mada moja, iwe Plato au mkondo wa bahari, kwa dakika zisizozidi arobaini na kitu. Kwa miaka mingi sasa podikasti yake imekuwa na nyongeza isiyosikika hewani: matangazo yakiisha, wageni huulizwa ni nini kilichoachwa, nao huanza kubishana kwa uhuru mpaka mtayarishaji anapoingia kuuliza nani anataka chai na nani kahawa. Wakati mwingine nyongeza hiyo ndiyo tamu kuliko kipindi. 99% Invisible ya Roman Mars nayo ilianza mwaka 2010 kama vipande vya dakika chache kwenye KALW ya San Francisco. Saa ya redio haikuruhusu zaidi, mlisho ukaruhusu.

Kwa Kiswahili, Idhaa ya BBC ipo tangu 1957 na ya DW ya Ujerumani tangu 1963, zote za mashirika ya umma ya kigeni. Taarifa ya habari ya jioni huchacha kufikia asubuhi, kwa hiyo sishauri mtu aifanye akiba. Makala, mahojiano na michezo ya redio hudumu: Noa Bongo ya DW, iliyoanza mwaka 2008 kwa ajili ya vijana, bado inasikilizika.

Kuhusu bando: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kwa dakika, hivyo toleo la dakika 42 ni kama megabaiti 40, ya kilobiti 64 ni nusu yake. Zuia programu isipakue yenyewe isipokuwa kwenye waifai. Na unapotafuta vipindi vya Kiswahili, andika podikasti, kisha podkasti, kisha kwa tahajia ya Kiingereza, kwani kila kituo kimechagua yake na visanduku vya kutafutia havijui kwamba ni neno moja.