Twiga kwa Kimo cha Mtoto: Historia Fupi ya Giraffe Centre, Lang'ata

Nairobi ilipata mbuga yake ya taifa mwaka 1946. Simba, vifaru na twiga wakawa majirani wa jiji, kilomita chache tu kutoka katikati yake, na hata hivyo kwa miongo mingi wakazi wengi wa Nairobi hawakuwahi kuwaona. Si kwamba walikosa hamu. Mbuga hutembelewa kwa gari, na kushuka ni marufuku isipokuwa mahali palipotengwa. Asiye na gari hakuweza kuizunguka. Mtoto wa Kaloleni au Kibera alimjua twiga kwa picha ya kitabuni, sawa na mtoto wa London au Baltimore, pengine hata chini ya hapo, maana wenzake wale walikuwa na bustani za wanyama.

Mwaka 1968 ilianzishwa Wildlife Clubs of Kenya, na vilabu vyake vya shule vikaanza kuwapeleka wanafunzi mbugani kwa makundi. Shule zikapata njia. Familia je? Mama aliyetaka kutoka na wanawe watatu Jumamosi, nauli ya matatu mkononi na chapati mkobani, bado alikuwa na pachache pa kwenda. Pakaja kupatikana mahali ambapo hapakutazamiwa kabisa: nyumbani kwa mume na mke walioamua kulea ndama wa twiga uani.

Giraffe Centre ya Lang'ata ilifungua milango kwa umma mwaka 1983, na mwaka 2023 ikatimiza miaka 40. Lakini chanzo chake kiko mbali na Lang'ata.

Kiko Soy, magharibi mwa Kenya, kwenye barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale. Huko kulikuwa na ranchi ya ekari 18,000, na ndani yake kundi la twiga wa Rothschild. Ukitaka kuwatambua twiga hawa, tazama miguu. Kuanzia magotini kushuka chini hawana baka hata moja, ni weupe mtupu, kana kwamba wamevaa soksi za shule. Dume naye anaweza kuota hadi pembe tano, zile fupi zilizofunikwa ngozi, wakati twiga wengi tuliozoea kuwaona wana mbili au tatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 waliobaki Soy walikadiriwa kuwa 130 hivi, na ranchi yenyewe ilikuwa inagawanywa vipande ili maskwota wapewe ardhi.

Hapa ndipo kisa hiki husimuliwa vibaya. Katika masimulizi mengi, hasa yaliyoandikiwa wasomaji wa ng'ambo, wakulima waliohamia Soy hutajwa kana kwamba walikuwa adui wa mnyama. Hawakuwa. Walikuwa Wakenya walioisubiri ardhi tangu zama za mkoloni, na mtu aliyepata ekari zake chache hawezi kupanda mahindi penye kundi la wanyama wenye urefu wa mita tano. Aliyeikosea ardhi hiyo, kama lazima apatikane wa kulaumiwa, ni historia iliyowaweka watu na twiga kwenye ranchi moja bila kuwaachia nafasi ya kutosha hata mmoja wao.

Jock Leslie-Melville alikuwa Mkenya mwenye asili ya Uskochi. Mkewe, Betty, alikuwa Mmarekani wa Baltimore. Mwaka 1974 walinunua jumba la mawe huko Lang'ata, lililojengwa mwaka 1932 kwa mtindo wa nyumba za wawindaji wa Uskochi. Kiwanja kilikuwa tayari na wenyewe: twiga madume watatu wa porini waliozoea kupitapita hapo. Waliposikia habari za Soy, mume na mke hawa wakaenda kumchukua ndama jike, wakamsafirisha zaidi ya kilomita 300 hadi nyumbani, wakamwita Daisy. Baadaye wakamletea mwenzake, Marlon, aliyepewa jina la mwigizaji Marlon Brando.

Tusiuchukulie uamuzi huo kama mchezo wa matajiri. Ndama wa twiga hauawi na risasi peke yake. Huuawa pia na woga. Mnyama aliyekimbizwa, akakamatwa na kufungwa, anaweza kuanguka na kufa baada ya siku kadhaa bila kidonda chochote, kwa sababu misuli yake imeharibika kwa mkikimkiki ule. Daisy alinusurika. Alinyweshwa maziwa kwa chupa, akazoea watu, akakua. Mwaka 1977 habari zake zilitoka katika kitabu, Raising Daisy Rothschild, na mwaka 1979 kikatengenezewa filamu ya televisheni huko Marekani, The Last Giraffe. Mwaka huohuo wa 1979 Jock na Betty wakaanzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama walio hatarini, unaojulikana hadi leo kwa herufi zake za Kiingereza, AFEW.

Twiga wawili uani hawaokoi ukoo mzima, na wenye mfuko walilijua hilo. Kazi kubwa ilikuwa kuwahamisha wale waliobaki Soy. Makundi manne yalipelekwa mahali pa usalama: Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru, Mbuga ya Taifa ya Ruma kwenye bonde la Lambwe, Hifadhi ya Mwea na Hifadhi ya Nasalot huko Pokot Magharibi. Hiyo ndiyo sehemu ya kisa isiyo na picha za kupendeza, na ndiyo iliyowabakiza twiga hawa Kenya.

Mwaka 1983, fedha zilipotosha, kituo kikafunguliwa. Jock hakukifaidi sana; alifariki mwaka uliofuata. Betty alirudi Marekani baadaye na kufia Baltimore mwaka 2005.

Kwa maoni yangu, jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa hapo ni jukwaa. Ni jukwaa la mbao la mviringo lililoinuliwa juu ya ardhi kiasi kwamba mtu aliyesimama juu yake hutazamana na twiga uso kwa uso. Huhitaji darubini wala gari wala mtu wa kukuelekeza kidole, "yule kule, nyuma ya mgunga." Mtoto wa miaka minne ananyoosha mkono, na kichwa kirefu kuliko kiwiliwili chake kinashuka mbele yake, chenye kope ndefu na ulimi wa zambarau iliyokolea, wenye urefu wa karibu sentimita 45, unaozoa vidonge vya lishe kiganjani. Chini, ngiri wanapitapita wakiokota kinachodondoka. Wapo watoto wanaocheka, wapo wanaolia na kujificha nyuma ya nyanya zao, na wapo wanaokimbia kwenda kunawa mikono mara moja. Hakuna anayesahau.

Walezi wa twiga wameuona mchezo huo mara nyingi, na maagizo yao ni machache: toa kidonge kimoja kimoja, usimtanie kwa kumnyima, usisimame karibu bila chakula mkononi. Twiga hana subira na mtu mtupu. Baadhi yao wana sifa ya kupiga vichwa, na pigo la kichwa cha twiga si la kuombea. Kila twiga ana jina lake, na wageni wanaorudi mara kwa mara huwaulizia kwa majina kama watu wa ukoo.

Hapohapo ndipo darasa linapoanza. Mwalimu wa kituo hulitumia tukio lile lile kuuliza: shingo hii ndefu ina mifupa mingapi? Watoto husema hamsini, wengine mia. Ni saba, sawa na shingo ya mtoto anayejibu. Kila mmoja ni mrefu tu kupita kiasi. Damu hupandaje hadi kule juu bila kurudi? Kwa moyo wenye nguvu na msukumo wa damu unaokaribia kuwa mara mbili ya wa binadamu. Mimba yake ni miezi 15 hivi, na ndama huzaliwa tayari akimzidi baba wa Kenya wa kawaida kwa urefu, karibu mita 1.8. Maswali ya aina hiyo, yakiulizwa mbele ya mnyama mwenyewe anayetafuna, hayahitaji ubao.

Shabaha ya kituo tangu mwanzo ilikuwa vijana na wanafunzi wa Kenya, na hapo kuna mpango wa fedha unaostahili kusifiwa. Mtalii wa kigeni hulipa kiingilio kikubwa, mkazi hulipa kidogo, na kinachopatikana husaidia elimu ya mazingira kwa shule. Makundi ya wanafunzi huja na walimu wao, hufanyika mashindano ya kuchora na kuandika kuhusu mazingira, na wapo vijana waliopelekwa kuziona hifadhi ambazo wazazi wao hawakuwahi kufika. Mgeni anayepiga picha akimlisha twiga huenda hajui kwamba amemlipia mtoto wa darasa la tano. Si lazima ajue.

Mpango huo una udhaifu wake. Mwaka 2020, ndege za abiria za kimataifa ziliposimama Kenya kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Agosti mosi, kila taasisi inayosomesha watoto kwa pesa za watalii ilionja hatari ya kuegemea mguu mmoja.

Watu huchanganya pia kituo na jirani yake. Lile jumba la mawe la Jock na Betty lilifanywa hoteli mwaka 1984, Giraffe Manor, na ndilo linalozunguka mitandaoni: twiga ameingiza kichwa dirishani, mgeni anakunywa chai. Bei yake si ya mtu wa mshahara. Twiga ni walewale. Asubuhi hupitia madirisha ya hoteli, na mchana huwa kwenye jukwaa. Tofauti ni kwamba jukwaani mtoto wa Rongai anapewa ulimi uleule aliopewa tajiri kule dirishani.

Wapo wahifadhi wasiopenda kumlisha mnyama wa porini kwa mkono. Wanasema humfundisha mtoto kwamba twiga ni kama mbuzi wa nyumbani. Hoja ina uzito, na kituo chenyewe kina jibu ambalo wageni wengi hulipita: ng'ambo ya barabara kuna hifadhi ndogo ya msitu wa asili, kando ya mto Gogo, yenye njia ya kutembea kwa miguu. Huko hakuna anayelishwa na mtu. Kuna miti, ndege, nyayo, na kimya cha aina ambayo watoto wa ghorofani hawaijui. Ningekuwa mkuu wa shule ningeanzia huko, jukwaa lije baadaye, kwa sababu akishaonja ulimi wa twiga kiganjani mtoto hataki tena habari ya mti.

Je, kazi yote hii imezaa nini? Mwaka 1985 Afrika ilikadiriwa kuwa na twiga zaidi ya 150,000. Kufikia 2015 walikuwa chini ya 100,000, na mwaka 2016 twiga akaorodheshwa kimataifa kuwa mnyama aliye hatarini. Yaani miaka ambayo Giraffe Centre ilikuwa inawafurahisha watoto ndiyo miaka ambayo bara lilipoteza zaidi ya theluthi ya twiga wake. Twiga wa Rothschild, ambao wanasayansi wengi sasa huwahesabu pamoja na twiga wa Nubia, walikwenda kinyume na mkondo huo. Sensa ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2021 ilihesabu zaidi ya 900 nchini. Uganda, kwenye Mbuga ya Maporomoko ya Murchison, wapo wengi zaidi, na mwaka 2016 twiga 18 walivushwa Nile kwa kivuko hadi ukingo wa kusini katika zoezi lililoitwa Operation Twiga. Baringo nako, twiga waliopelekwa mwaka 2011 kwenye rasi ya ziwa walizingirwa na maji yaliyopanda, wakahamishwa mmoja mmoja kwa chelezo, kazi iliyoanza Desemba 2020 na kwisha Aprili 2021.

Sifa hizo zote si za Lang'ata. Ni za askari wa wanyamapori, jamii za wafugaji, madaktari wa mifugo na serikali. Lakini wazo kwamba inawezekana kumbeba twiga, kumhamisha na kumwona akizaa ugenini, lilijaribiwa mapema na watu wa mfuko huu, wakati wengi hawakujua hata kwamba kuna twiga wa aina zaidi ya moja.

Kwa mzazi anayesoma haya: matatu namba 24 hukufikisha Hardy, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu au wa boda. Nenda asubuhi, kabla twiga hawajashiba, kwani mchana hugeuza shingo na kuwaacha watoto na vidonge vyao. Wabebee maji na viatu vya kutembelea, na msirudi mjini kabla hamjavuka barabara kuipita ile njia ya msituni.