Sakitu

sakitu *nomino* [i-/zi-] Tabaka jembamba la chembe za barafu linaloganda juu ya vitu usiku wa baridi kali, mvuke ulio hewani unapogeuka barafu bila kuwa maji kwanza. Kisawe: *jalidi*.

Tofautisha. *Theluji* huanguka kutoka mawinguni. Sakitu haianguki, bali hujijenga papo hapo juu ya kitu kilichopoa, hata anga likiwa jeupe. *Umande* ni matone ya maji. *Barafu* ni jina la jumla la maji yaliyoganda.

Matumizi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kitenzi. Katika maelekezo kwa madereva wa nchi za baridi, theluji iliyolala juu ya gari *hufagiliwa*, lakini sakitu iliyoshika kioo cha mbele *hukwanguliwa*. Mfasiri akiandika "futa kioo", dereva mgeni atachukua kitambaa, nacho hakitaondoa kitu. Akiandika "yeyusha kwa maji", huenda dereva akamwagia maji ya moto, na kioo kikapasuka. Kanuni za barabarani za Uingereza humtaka dereva asafishe vioo vyote, si kioo cha mbele pekee, kabla ya kuondoka. Kwa hiyo wingi *vioo* usiachwe katika tafsiri.

Mifano.
1. *Alikwangua sakitu kwenye vioo vya gari kwa kikwangulio cha plastiki.*
2. *Sakitu iliunguza majani ya viazi huko Nyandarua.*

Epuka. "Theluji imeganda kiooni", iwapo usiku huo theluji haikuanguka.