Buibui Akilala Chali, Usikimbilie Ufagio

Mwaka 2011 Watanzania tulilisikia neno "kujivua gamba" mpaka masikio yakachoka. Chama tawala kilikuwa kimejifananisha na nyoka. Wanasiasa niwaache, leo namzungumzia anayejivua gamba kweli kweli: tarantula, yule buibui mkubwa mwenye manyoya ambaye wapo watu Ulaya na Marekani wanamfuga ndani kama sisi tunavyofuga paka.

Tuanze na jina. Linatokana na Taranto, mji wa kusini mwa Italia. Kule, kwa karne kadhaa, mtu aliyeaminika kuumwa na buibui alipigiwa muziki acheze mpaka apone. Hata mwaka 1959 mtafiti Ernesto de Martino aliwakuta watu wakifanya hivyo. Buibui wa Taranto alikuwa wa aina nyingine kabisa, mdogo zaidi, lakini Wazungu walipowakuta wale wakubwa wa Amerika wakawabandika jina hilohilo. Jina likahama na hofu yake.

Mwaka 1699 mchoraji Maria Sibylla Merian, mzaliwa wa Ujerumani, alisafiri hadi Suriname. Kitabu chake cha 1705 kina picha ya buibui anayemla ndege. Baadaye wako wasomi waliomwona mwongo, mpaka Mwingereza Henry Walter Bates, aliyekaa Amazon miaka 11, alipoandika mwaka 1863 kwamba ameona kwa macho yake buibui na ndege aliowakamata. Bates huyohuyo alisimulia jambo jingine: watoto wa familia ya wenyeji wakimtembeza buibui ndani ya nyumba, kamba kiunoni, kama mbwa. Kumbe ufugaji huu haukuanzia kwenye maduka ya Wazungu!

Halafu akaja William Baerg, profesa wa Chuo Kikuu cha Arkansas. Huyu bwana alijaribu sumu ya buibui kwenye mwili wake mwenyewe, akaonyesha kwamba tarantula wa kwao si muuaji kama ilivyovumishwa. Aliwafuga miaka mingi, akawaandikia kitabu mwaka 1958. Kwa kuwatazama hivyo ndipo watu walipojifunza habari za gamba.

Gamba la buibui halikui. Ili yeye akue, lazima alivue. Siku au wiki kadhaa kabla, anagoma kula, anakuwa mzito, tumbo linageuka rangi na kuwa jeusi. Anatandika utando kama mkeka, kisha analala chali, miguu juu. Hapo ndipo wafugaji wageni huchanganyikiwa, wakamtupa akiwa hai. Tarantula anayekufa kwa kawaida hukunja miguu chini ya mwili. Aliye chali yuko kazini. Kwa saa kadhaa anavua kila kitu, hadi ngozi ya meno yake ya sumu na ya ndani ya tumbo. Aliyepoteza mguu huanza kuuotesha upya.

Matunzo yake ni machache. Mwachie maji. Waondoe nyenje uliompa chakula, kwa sababu akiwa laini wanaweza kumtafuna yeye. Usimguse, usimsaidie kuvuta. Usimlishe mpaka meno yagume. Jike akitunzwa hivyo anaweza kuzidi miaka 20. Dume, akishavua gamba la utu uzima, hana muda mrefu.

Lakini mapenzi nayo yana madhara. Tarantula wa Meksiko mwenye magoti mekundu alikamatwa porini kwa wingi hadi mwaka 1985 biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti ya mkataba wa CITES.

Sasa njoo nyumbani. Kuna tarantula wa rangi ya chungwa, *Pterinochilus murinus*, aliyepewa jina la kisayansi na Pocock mwaka 1897. Wafugaji wa Ulaya wanamwita "Usambara". Ndiyo, Usambara yetu! Mimi nimekulia Korogwe, chini ya milima hiyo. Tulipoona buibui mkubwa kwenye shimo, tulimmwagia maji ya moto, mchezo ukaisha. Ni kweli huyu wa kwetu ni mkali na akiuma anauma hasa, simshauri mtu amshike.

Ila inaniuma kwamba aliyeko London anajua siku zake za kujivua, na mimi wa Korogwe nilichojua ni birika tu.