Rangi za Mkeka na Elimu Iliyomo

Mkeka tunaukalia, tunauswalia, kisha tunaukunja pasipo kuutazama. Leo natutazame rangi zake.

Katika karne ya 19 misafara ya watu wa pwani ilifika Ziwa Tanganyika na kufanya makao Ujiji. Biashara yao ilikuwa pembe na, hatuna budi kukiri, watumwa pia. Kwa maingiliano hayo Kiswahili na Uislamu vilienea hata ufukoni kwetu, Rumonge na Usumbura, ndiyo Bujumbura ya leo; na desturi za pwani zikafuata. Bara nako hakukukosa ufundi. Warundi walisuka vikapu vyenye mapambo meusi ya pembetatu, na huko Gisaka, mashariki ya Rwanda, wanawake walipamba kuta kwa imigongo: nyeusi, nyeupe na nyekundu.

Msusi wa mkeka huchana ukindu, huuchemsha katika rangi, husuka ukili mrefu, kisha hushona ukili kwa ukili. Hana picha mbele yake. Huhesabu chane tu, na mishazari na misumeno ikatokea. Ajua kuwa wekundu kando ya kijani huwaka, na kwamba ukindu usiotiwa rangi, ukizungukwa na weusi, huonekana mweupe kuliko ulivyo.

Ulaya jambo hili liliandikiwa vitabu. Mwaka 1824 mkemia Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kuwa nyuzi nyeusi zimefifia. Alipozichunguza akaona rangi yake ni njema. Kilichoifisha ni jirani zake, buluu na zambarau. Akatoa kitabu mwaka 1839. Mwaka 1963 Josef Albers, mchoraji wa miraba ndani ya miraba, naye akachapisha kitabu kuonyesha kuwa rangi moja, ikibadilishiwa jirani, huonekana kama rangi mbili.

Basi tofauti yao na bibi zetu ni kalamu. Wale waliandika, hawa waliihifadhi elimu mikononi. Na mkono usiofundisha hufa pamoja na mwenyewe. Mikeka ya plastiki imejaa madukani, nayo ni rahisi kununua. Lakini haiwezi kuulizwa neno. Kwa hiyo kila mwenye bibi ajuaye kusuka na akae kando yake angali hai, amwulize: kwa nini umeweka nyeusi hapa? Kisha ayaandike majibu yake.