Kiangazi na Maji Katika Vitongoji Vyetu

Ndugu wanachama,

Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, nimetakiwa kuandika machache juu ya historia ya vitongoji vyetu. Nimeona vema nieleze habari za kiangazi, kwa kuwa ndicho kilichowafundisha wazee wetu ushirika.

Pwani yetu hupata mvua mara mbili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Vuli ikikosa kunyesha, ukavu huweza kudumu tangu Juni hadi masika ya mwaka wa pili. Hapo taabu kubwa si jua, bali ni maji.

Kinondoni na Temeke zilipokuwa zikipanuka katika miaka ya 1950, watu wengi walichota visimani au kwenye bomba la watu wote, na wengine walinunua kwa madebe. Mwaka 1959 ulijengwa mtambo wa Ruvu Juu, na mwaka 1976 ule wa Ruvu Chini. Neema ilikuwa kubwa, hata wengi wakavidharau visima. Lakini mto Ruvu nao huishi kwa mvua, hasa zile za milima ya Uluguru. Ukame wa 1997 ulilazimisha kuchimbwa visima virefu mjini, na Oktoba 2022 mto ulipopungua, maji yalitolewa kwa mgao.

Katika mgao ule nilijionea mambo mawili mtaani kwetu. Mwenye kisima mmoja alipandisha bei ya dumu kila kukicha. Jirani yake alifungua mlango wa uani, akasema maji yake ni ya chumvi lakini yanafaa kufulia, na watu wachote bure. Nami, kwa kazi yangu ya ukatibu, niliandika daftarini majina ya wanachama waliotoa akiba ya ada za watoto wao ili wanunue maji. Kalamu ilikuwa nzito siku zile.

Wahenga walinena: maji ya kifuu, bahari ya chungu. Basi tusingoje ukame mwingine. Kila chama cha msingi kitengeneze mifereji ya paa na tangi la kukinga mvua ya masika, na visima vya zamani visifukiwe. Akiba ya maji ikiwapo, akiba ya ada itasalimika.

Wenu katika ushirika,
Katibu