Mti Uliosalia Bustanini

Bustani aghalabu hutajwa kuwa mahali pa mapambo na starehe. Lakini uko mti wa Marekani ambao kwake bustani imekuwa ndiyo uhai wenyewe. Mti huo ni Franklinia. Ni wa ukoo mmoja na mchai. Na mtu aliyepata kuona mchai ulioachwa bila kuchumwa mpaka ukachanua, ataona udugu katika ua la Franklinia, jeupe, lenye nyuzi nyingi za manjano katikati.

Katika Oktoba, 1765, John Bartram wa Philadelphia, aliyeteuliwa mwaka huo kuwa mtaalamu wa mimea wa Mfalme wa Uingereza, alisafiri Georgia pamoja na mwanawe William. Karibu na mto Altamaha waliona miti wasiyoijua. Majira ya maua yalikuwa yamekwisha, wakapita. William hakuisahau. Katika safari nyingine, aliyoianza mwaka 1773, aliirudia, akaikuta imechanua, akachukua mbegu.

Mbegu zilipandwa katika bustani ya baba yake, kando ya mto Schuylkill. Mzee alifariki mwaka 1777. Mti ulichanua hapo mwaka 1781. Aliyeitayarisha ardhi hakuliona ua. Mwaka 1785 jamaa yake, Humphry Marshall, aliutangaza mti kitabuni kwa jina la Benjamin Franklin, aliyekuwa rafiki wa marehemu.

Mwaka 1803 mkusanyaji wa mimea John Lyon aliona michache porini. Baada yake hakuna ushahidi wa hakika wa mtu mwingine kuiona huko. Wataalamu wametaja sababu mbalimbali: moto, mafuriko, uchimbaji wa wakusanyaji, na ugonjwa wa mizizi unaodhaniwa kuandamana na kilimo cha pamba.

Kuutunza mti huu si kazi nyepesi. Hupenda udongo wenye uchachu na unyevu, lakini maji yakituama mizizi huoza. Ukisha kushika ardhi, hauvumilii kung'olewa na kuhamishwa. Tunda lake huchukua mwaka na zaidi kukomaa. Mwenye subira hulipwa mwishoni mwa majira ya joto: miti mingine imekwisha kupukutisha maua yake, nao ndio kwanza wachanua, hata majani yake yakaanza kuwa mekundu maua yangali yapo.

Katika hesabu iliyoanzishwa mwaka 1998 na bustani ya Bartram, miti zaidi ya 2,000 ilijulikana katika Marekani na nchi nyingine. Yote inaaminika kuwa ni uzao wa mbegu za akina Bartram. Hivyo maradhi yanayoweza kuuangusha mmoja yaweza kuiangusha yote. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza, tena kuanzia mizizini, mtunzaji akiacha tu maji yatuame. Na pori la kwenda kutafuta nyingine halipo.