"Kula mukuba": asili ya usemi mmoja wa bankambo

Hapa kwetu Kolwezi kijana akisikia "kula mukuba" anawaza feza tu: gari, nyumba ya matofali, bia. Mukuba kwa Kisanga ni shaba. Basi mwenye kula shaba, wanafunzi wanatujibu, ni mutu aliyetajirika haraka. Bankambo walisema kinyume kabisa.

Kwao, kula mukuba lilikuwa jina la kazi yenyewe. Mwezi wa tano, mvua imekatika na mtama umekwisha kuvunwa, chifu alitoa mwito: twende tukale mukuba. Watu walihamia kwenye vilima vipara, vile visivyoota miti kwa sababu ya shaba iliyomo udongoni. Akina mama na watoto waliokota malakiti, mawe ya kijani. Wanaume walishuka katika mashimo membamba. Tena kuchagua mawe, kuyaosha mtoni, kukata miti, kuchoma makala, kujenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, kusukuma mivukuto ya ngozi. Shaba ya kwanza ikitoka haikutosha. Iliyeyushwa mara ya pili, ndipo ikamiminwa kuwa misalaba, ile tunayoijua kwenye bendera ya Katanga ya mwaka 1960. Mvua iliporudi, mwezi wa kumi hivi, kazi ilisimama. Kiangazi kizima, na shaba bado haijamlisha mutu! Kula kulikuja nyuma, msalaba ulipobadilishwa kwa chumvi, nguo ao jembe.

Mmisionari Mbenediktini Jean-Félix de Hemptinne aliandika habari hizo mwaka 1926, akawaita mafundi hao wala-shaba wa Katanga. Jina likaenea kwa Kifaransa, mangeurs de cuivre, na tunaona kwamba njiani jasho lilipotea, tumbo likabaki.

Wachina nao wana usemi wa namna hiyo: Yugong anahamisha milima. Unatoka katika kitabu cha kale kinachoitwa Liezi. Mzee wa karibu miaka 90 alifungiwa njia na milima miwili, Taihang na Wangwu, akaanza kuichimba pamoja na wanawe. Alipochekwa alijibu kwamba yeye atakufa, lakini watoto watazaa watoto, na mlima hauongezeki. Mao Zedong aliurudia usemi huo katika hotuba ya mwaka 1945, na Wachina wengi wanaujua tangu shule.

Tunautaja kwa sababu ya Dikuluwe. Machimbo hayo ya bankambo yaliingia katika mkataba wa Sicomines, uliotiwa sahihi mwaka 2008 kati ya Kongo na kampuni za Kichina. Ni kusema semi mbili zimekutana kwenye kilima kimoja. Tofauti iko mwishoni: Yugong alihurumiwa na Mungu, milima ikabebwa mbali. Bankambo hawakubebewa kitu. Walirudi kijijini na misalaba begani, na mwezi wa tano uliofuata walijenga tanuru nyingine.